Sikudhani Aliponirudishia Sabuni

Hakugonga. Aliiacha kizingitini,
imefungwa gazetini kama dagaa,
waridi yake ingali inang'aa,
na pembeni, kwa peni ya bluu:
Mtoto kaota vipele.

Rangi ile niliinunua Mtaa wa Kongo,
muuzaji akiipima kwa kizibo cha soda.
Niliuliza, ni ya nini hii?
Ya kila kitu, mama, akasema.
Ukindu, shuka, gauni la bi harusi.
Ya kila kitu. Nami, kwa tamaa ya waridi,
nikasahau kwamba ngozi si mkeka.

Jioni nikaenda. Mtoto yuko juu ya stuli,
mgongo umemwagiwa punje za mtama.
"Sikudhani," nikaanza.
"Abee," akaitika.
"Sikudhani," nikasema tena, na jina lake
likageuka udhuru mdomoni mwangu.
Hakucheka.
"Hilo langu. Wewe tafuta lako."

Nikatafuta.

Nilianza na choya. Nani asiyeijua juisi yake,
wekundu unaobaki ulimini mpaka usiku?
Ilipoonja kostiki ikabadilika uso,
ikawa maji ya kuoshea sufuria.
Kuna warembo wa glasini
wasiouweza moto usio na moshi.

Mdalasini ulinukia uani kote,
jirani wakauliza pilau ni ya nani.
Nikauchanganya na mafuta, nikaupaka ndani ya kiwiko.
Kabla ya adhana ya isha, paliwaka.
Nikaurudisha kwenye mchele, kwenye kazi yake.

Hapa Keko seremala ni wengi kuliko milango.
Ngwali, anayenitengenezea vibao vya kumiminia,
akaniletea mfuko wa vumbi la mninga:
"Tazama wekundu huo, na ni bure."
Niliutazama. Kisha nikamtazama yeye,
chafya ya nane, kucha zikiichimba shingo.
Nikamwambia, "Ngwali, ya bure
nimeshailipia."

Manjano yalinitisha: kuingia tu kwenye uji wa sabuni
yakawa tofali, yakawa hasira.
Nikayaacha. Siku ya tatu yakatulia,
yakawa rangi ya embe lililochelewa kuiva.
Kijiko kimoja cha chai, basi;
nilipotia vitatu, taulo langu lilitoa ushahidi.

Mkaa wa vifuu nilitwanga mwenyewe,
nikauchuja kwa kipande cha mtandio, mara tatu,
maana chenga moja iliyobaki
ni wembe shavuni kwa mtu.

Mbegu za mzingefuri nikaziloweka
katika mafuta ya nazi, dirishani, wiki mbili,
hadi mafuta yakawa kiini
cha yai la kuku wa kienyeji.
Hizo nilizipenda. Nazo nikazishuku vilevile,
nikazipa siku mbili mkononi mwangu, kama wenzake.

Sasa mkono wangu wa kushoto ni daftari:
hapa paliwasha, hapa hapakusema neno,
hapa nimesahau palikuwa na nini
na ndiyo maana siku hizi naandika.

Wateja wanashika, wanageuza.
Mbona zimepauka? Ile ya waridi imekwisha?
Imekwisha, nasema, na sielezi.
Wengine wanaondoka na pesa yao.

Wiki ya sita, kipande kilipokauka vizuri,
nikakipeleka kwa Sikudhani, kwenye sahani.
Hakumwita mtoto.
Alikunja mkono wa dera, akalowesha,
akajisugua ndani ya kiwiko, polepole,
pale pale ninapojisugua mimi.
Nani kamfundisha?
"Njoo keshokutwa," akasema.

Keshokutwa ndiyo leo.
Kuna maji yanamiminwa uani kwake,
na sauti ya mtoto anayekataa kuoga
kama watoto wote wanavyokataa.
Nimekaa hapa na chekecheke langu.
Sijaenda kuchungulia.